Amplifaya ndogo ya gitaa: soma hii kabla hujatoa hela yako

Leo tuiache siasa ipumzike kidogo. Kuna swali ambalo vijana wenzangu wananiuliza karibu kila wiki: "Kaka, nimepata gitaa la umeme, sasa ninunue amplifaya gani ya kufanyia mazoezi nyumbani?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa meseji, nimejibu mpaka ndani ya daladala. Nimeona bora niandike hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi sio mhandisi wala sio fundi mwenye cheti. Nimemaliza form four, naandika hapa na pale kupata hela ya vocha, na nyumbani nina amplifaya ya wati 10 ninayoitumia karibu kila siku kwenye chumba cha kupanga. Haya ninayoeleza ni fizikia ile ile ya sekondari, ukiongeza mambo ambayo kila mwenye kidude hiki anatakiwa ayajue. Na nasema mapema kabisa: humu kuna suala la hela na kuna suala la uhai. La uhai liko katikati ya makala, tafadhali usiliruke.

KAZI YAKE NI NINI HASA?

Gitaa la umeme ukilipiga bila amplifaya halisikiki zaidi ya mlango. Halina lile tumbo la mbao lililo wazi kama gitaa kavu. Badala yake chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya. Basi, hakuna uchawi mwingine. Ndio maana nyuzi za nailoni hazifanyi kazi kwenye gitaa la umeme: sumaku haina habari na nailoni.

Sasa umeme huo ni mdogo mno, ni sehemu ndogo tu ya volti 1. Hauwezi kusukuma spika yoyote. Amplifaya inaupokea, inaukuza kidogo, inakupa nobu za kurekebisha besi na trebo, halafu inaukuza tena kwa nguvu mpaka uweze kuitikisa spika. Amplifaya ya mazoezi ni hayo yote yaliyofungwa kwenye boksi moja unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Najua kuna mdau ataniuliza: kwa nini nisichomeke kwenye sabufa ya nyumbani? Unaweza, na sauti itatoka. Lakini itakuwa imezibwa kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Sababu ni hii. Tundu la nyuma ya sabufa limetengenezwa kupokea umeme wa simu au deki, ambao una nguvu ya kutosha. Pikapu ni dhaifu, inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni 1. Tundu la redio za kawaida huwa na omu elfu chache, elfu kumi hivi au elfu hamsini. Pikapu ikikutana na hilo ni kama mtoto wa darasa la kwanza kabebeshwa gunia la mchele, na kinachopotea kwanza ni trebo.

Halafu spika ya gitaa yenyewe ni tofauti. Haitoi zile sauti za juu kabisa, ikifika karibu hetsi elfu tano inaanza kushuka. Sabufa ina vispika vidogo vya sauti kali. Ukiipa sauti ya gitaa inayokwaruza, unapata nyuki ndani ya debe.

Na spika za Bluetooth je? Hizo kwa kupigia gitaa sahau kabisa. Sauti inachelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kusikiliza wimbo huoni tofauti, lakini kwa mpigaji ni balaa: unagusa uzi sasa hivi, unasikia baadaye. Huwezi kushika mdundo. Simu yenye programu ya gitaa inaweza kukusaidia, ila utumie kifaa cha kuunganishia chenye waya na hedifoni zenye waya.

WATI ZISIKUTISHE

Hapa ndipo vijana wengi wanapotupa hela. Mtu ana chumba cha futi 10 kwa 10, anataka amplifaya ya wati 100 kwa sababu "ya wati 10 ni ya kitoto". Sikia. Masikio yetu hayahesabu kama kikokotoo. Ukiongeza nguvu mara mbili, yaani kutoka wati 10 kwenda 20, unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti unayoisikia kidogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, na hizo zinataka nguvu mara kumi. Kwa hiyo kama spika ni za aina moja, wati 100 inasikika kama mara mbili tu ya wati 10. Sio mara kumi! Umelipa zaidi, umebeba mzigo mzito, na nyumbani huwezi kuifungua hata robo.

Kwa chumbani wati 2 zinatosha. Ndio, mbili. Roland Micro Cube ya kwanza ilikuwa na wati 2 na spika ya inchi 5, na watu wengi wakubwa wanaiheshimu. Blackstar Fly 3 ina wati 3 na spika ya inchi 3, unaiweka kwenye begi la shule. Fender Frontman 10G ina wati 10 na spika ya inchi 6. Hizo ni mifano tu, sijatumwa na mtu kuzitangaza. Nataka uone kwamba kampuni kubwa zenyewe zinatengeneza vitu vidogo na haziona aibu.

Na kama bado unadhani kidogo ni cha kitoto, mwaka 1964 kule Uingereza kijana anaitwa Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichukua wembe akachana spika ya amplifaya yake ndogo aina ya Elpico ili ikwaruze, kisha akaipitisha kwenye amplifaya kubwa. Wakarekodi "You Really Got Me", ikashika namba moja Uingereza. Ule mkwaruzo ulitoka kwenye kidude kidogo. (Tafadhali usichane ya kwako, siku hizi kuna swichi ya kazi hiyo.)

Jambo moja la kukumbuka: wapigaji wa besi, amplifaya ya gitaa la kawaida sio yenu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida unatoa hetsi 82, wa besi unatoa hetsi 41. Ukifungua sauti, spika ndogo ya gitaa inatikisika kupita uwezo wake na mwisho inapasuka. Kwa sauti ya chini sana sawa, zaidi ya hapo tafuta ya besi.

VOLTI: HAPA NDIPO VIMEO VINAPOZALIWA

Amplifaya nyingi zinazotufikia ni mitumba. Zinakuja na makontena, nyingine analeta shangazi kutoka Marekani, nyingine zinatoka Japani. Sasa Tanzania umeme wetu ni volti 230. Marekani ni volti 120. Japani ni volti 100. Ukichukua amplifaya ya Japani ukaichomeka kwenye soketi ya Sinza, umeipa zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Ukiwa na bahati fyuzi inakatika. Ukikosa bahati transfoma inaungua, moshi unatoka, na hela yako imekwenda.

Kuna muuzaji mmoja Kariakoo aliniambia, "We chomeka tu dogo, umeme ni umeme." Nilimshukuru nikaondoka. Kinachosema ukweli ni maandishi ya nyuma ya amplifaya, sio maneno ya muuzaji. Geuza boksi, tafuta palipoandikwa volti, usome kabla ya kuuliza bei.

Ikiwa imeandikwa 220, 230 au 240, chukua. Ikiwa imeandikwa 100 au 110 au 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma uihesabu kwenye bei ya amplifaya. Hiyo transfoma iwe na wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya kama matumizi ya umeme. Angalia vizuri hapa: amplifaya ya wati 10 za sauti inaweza kula wati 20 au 30 za umeme. Ni namba mbili tofauti.

Zile zinazotumia adapta ya nje zina unafuu. Kama adapta imeandikwa 100-240V, inafanya kazi popote duniani, unabadilisha kichwa tu. Lakini adapta ikipotea usiokote yoyote ya redio ukachomeka. Volti ziwe sawa, na uangalie ule mchoro mdogo wenye alama ya kujumlisha na kutoa. Vifaa vingi vya gitaa vina hasi katikati, wakati adapta nyingi za vitu vingine zina chanya katikati. Ukizigeuza unaweza kuua kifaa kizima kwa sekunde moja.

SUALA LA UHAI: ULE MGUU WA TATU WA PLAGI

Haya, tumefika. Hapa naomba usome taratibu.

Plagi zetu nyingi zina miguu mitatu. Ule mrefu wa juu ni wa eathi, yaani unaunganisha bodi ya chuma ya kifaa na ardhi. Watu wengi wanauona kama pambo. Mafundi wengine wanaukata kabisa. Na wote tunaijua ile staili ya kuchukua plagi ya miguu miwili, unachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke, halafu unaisukuma ndani. Kwa pasi au redio watu wamezoea, hata huko sio salama. Kwa gitaa ni hatari zaidi, na sababu yake ni rahisi.

Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na waya mpaka kwenye bodi ya chuma ya amplifaya. Zimefanywa hivyo makusudi ili kupunguza mngurumo. Ndio maana ukigusa nyuzi ule mngurumo unapungua, hiyo ni kawaida. Lakini maana yake nyingine ni kwamba umeme ukivuja ndani ya amplifaya, njia ipo moja kwa moja mpaka kwenye vidole vyako. Kama eathi ipo, umeme unaovuja unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Kama eathi haipo, umeme unabaki kwenye nyuzi unasubiri. Unasubiri nini? Unasubiri ushike kitu kingine kilichounganishwa na ardhi. Na mwanamuziki kitu hicho anacho mbele ya mdomo wake: maiki.

Sio hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maiki ambayo haikuwa na eathi sawasawa, jukwaani, mbele ya watu. Alifariki. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alifariki nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme, chanzo kikiwa hicho hicho cha eathi. Huyu wa pili hakuwa kwenye tamasha. Alikuwa nyumbani anapiga, kama wewe na mimi.

Sasa jiulize: makanisa yetu, kumbi zetu za harusi, jukwaa la turubai mvua imenyesha chini kuna matope, ekstensheni moja imebebeshwa vitu kumi na waya umeungwa kwa selotepu. Ni wangapi tumewahi kusikia midomo ikiwasha tukigusa maiki, tukacheka tukasema "umeme unatekenya"? Ule sio utani. Ile ni taarifa.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Mguu wa eathi usikatwe, na plagi ya miguu mitatu isibadilishwe kuwa ya miwili. Ukinunua mtumba umekatwa, fundi aweke waya mpya wa nyaya tatu kabla hujapiga hata noti moja.

2. Muite fundi umeme mwenye kipimo aangalie kama soketi ya chumba chako ina eathi kweli. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu lakini nyuma waya wa eathi haukuvutwa. Soketi kwa macho haisemi.

3. Ukitumia gitaa na maiki pamoja, amplifaya na mikisa vichukue umeme sehemu moja, kwenye eathi moja.

4. Ukisikia kuwashwa, hata kidogo, acha kupiga. Zima swichi ya ukutani kwanza, ndipo ushughulike na nyaya. Usijaribu tena "kuona kama bado".

5. Kama mwenye nyumba anakubali, fundi aweke kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Hicho kinalinda nyumba nzima, sio gitaa tu, mpaka mtoto anayechezea waya wa friji.

6. Usipige ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Na kama soketi za nyumba yako huziamini na huna uwezo wa kuzirekebisha, nunua amplifaya ya betri. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Micro Cube na Fly 3 zote zinatumia betri 6 za AA. Ukipiga kwa betri, bila waya wowote wa ukutani na bila kuiunganisha na kifaa kingine kilichochomekwa, umeme wa TANESCO haukufikii. Tena umeme ukikatika wewe unaendelea kupiga. Waliopitia mgao wa 2006 na ule wa 2011 wananielewa. Sio jambo jipya pia, Wamarekani walishaanza kuuza amplifaya ndogo ya betri iitwayo Pignose mwaka 1973.

UKIENDA KUNUNUA MTUMBA

Nenda na gitaa lako na waya wako. Usikubali kujaribiwa kwa macho. Omba iwashwe na ikae dakika 15 huku unapiga, kwa sababu ubovu mwingine unatokea kikishapata moto. Zungusha kila nobu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikikwaruza kidogo ni vumbi tu, dawa ya kusafishia inapatikana kwa mafundi redio. Ikikata sauti kabisa kuna tatizo kubwa zaidi. Tikisa jeki pale unapochomeka waya: ikichezacheza sauti ikaja na kuondoka, lehemu imeachia. Hilo fundi redio analitengeneza haraka, lakini lishushie bei. Tumia tochi ya simu uangalie spika kama imechanika. Nusa pia. Harufu ya kuungua haidanganyi.

Kitu kingine, waya. Ule wa gitaa na ule wa spika unaweza kuwa na jeki zinazofanana kabisa. Wa gitaa una wavu wa chuma ndani unaozuia mngurumo, wa spika hauna. Ukitumia wa spika kwenye gitaa utaokota kila kelele ya mtaa.

Na ukikuta amplifaya ya vali, zile zenye vioo vinavyong'aa ndani kama taa, usiifungue mwenyewe hata kama imezimwa. Ndani yake kuna volti mia tatu na zaidi, na kapasita zinaweza kuutunza umeme huo baada ya kuchomoa. Nyingi za mazoezi ni za transista, lakini hata hizo zikiwa za ukutani mwachie fundi.

SIKU YA KWANZA NYUMBANI

Zima, shusha volyumu mpaka sifuri, chomeka waya wa gitaa, kisha washa, halafu pandisha taratibu. Wakati wa kuzima ni kinyume: shusha, zima, chomoa. Ukichomoa waya sauti ikiwa juu unapata ule mlio wa "PAA!" ambao unaumiza spika na majirani.

Nobu inayoitwa geini na ile ya volyumu sio kitu kimoja. Geini ni kiasi unachoukuza umeme mwanzoni, ukizidisha unaanza kukwaruza. Volyumu ni ukubwa wa kinachotoka. Wanaopenda roki wanapandisha geini na kushusha volyumu. Ila kama unajifunza dansi, rumba au sebene, fanya kinyume: geini chini, volyumu kiasi, trebo zaidi ya nusu kidogo, besi chini ya nusu. Sikiliza Franco, sikiliza Mlimani Park: magitaa ni masafi, kila noti inahesabika. Mkwaruzo unaficha makosa, sauti safi inayaanika. Kwa anayejifunza, kuanikwa ni faida.

Usiiweke kwenye kona chini sakafuni. Kona inaongeza besi, na sakafu inabeba mtikisiko mpaka kwa jirani. Iweke juu ya stuli au kreti la soda, chini yake weka blanketi lililokunjwa, ielekee kwenye masikio yako. Utajikuta unapunguza sauti mwenyewe kwa sababu sasa unajisikia.

MAJIRANI, MASIKIO NA LUKU

Nyumba za kupanga tunazijua. Ukuta mmoja watu wawili, dari moja watu wote. Ongea na majirani kabla hawajaongea na wewe. Kwangu nilimfuata mama wa chumba cha pili, nikamwambia, "Mama, napiga gitaa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, kama kuna mgonjwa au mtoto amelala nigongee tu." Akanijibu, "Mwanangu, bora hilo gitaa kuliko ile sabufa ya baa." Mpaka leo tunaheshimiana. Usiku ni hedifoni. Amplifaya nyingi za mazoezi zina tundu la hedifoni, na ukichomeka spika inanyamaza.

Lakini hedifoni nazo zina mambo yake. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ugawanywe nusu. Yaani desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Sikio likishaharibika kwa kelele halikui tena kama kucha. Ukimaliza mazoezi masikio yakawa yanalia "nziiii", kesho punguza.

Kuhusu LUKU, mwenye nyumba asikutishe. Tuseme amplifaya yako inakula wati 30 na unapiga saa 1 kila siku. Siku 30 ni wati-saa 900. Yuniti 1 ni wati-saa 1,000. Yaani mwezi mzima haujamaliza hata yuniti moja! Pasi inaweza kumaliza yuniti hiyo kwa saa moja hivi. Mkipigiana hesabu za umeme mpeni karatasi hii.

KWA NINI NIMEANDIKA YOTE HAYA

Mabendi makubwa ya dansi yaliyotupa heshima yalikuwa chini ya vyama, mashirika, viwanda na majeshi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, ndiyo hiyo leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Ukihama bendi, unaondoka na vidole vyako, gitaa na amplifaya vinabaki. Walioweza kushika vyombo kila siku ni waliokuwa ndani ya bendi. Aliye nje alibaki dirishani anachungulia.

Leo kijana aliyefeli form four, au aliyefaulu akakosa ada, anaweza kumiliki chombo chake mwenyewe, akajifunza usiku kwa hedifoni bila kumuomba mtu ruhusa. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Lakini huyo huyo akiuziwa kimeo cha volti 100 akakiunguza siku ya kwanza, hela ya vibarua vya miezi mitatu imekwenda na gitaa linarudi ukutani. Na akikutana na maiki isiyo na eathi, hapo hatuzungumzii hela tena.

Kwa hiyo, kwa ufupi: nunua ndogo, soma nyuma, linda mguu wa tatu, sema na jirani.

Sasa nina ombi. Wewe unayepiga kanisani, kwenye bendi au harusini, wiki hii muombe fundi apime eathi ya soketi mnayotumia jukwaani, halafu uje useme hapo chini kwenye maoni amekuta nini. Sihitaji jina la kanisa wala ukumbi. Nataka tujue tuko wangapi tunaopiga kwa kudra za Mungu tu. Na mafundi umeme mliomo humu, kama kuna mahali nimepunguza kitu, ongezeeni, vijana wanasoma.

Naomba kuwasilisha.